Filamu ya Nyimbo Tupu

Mdogo wangu ndiye aliyeisimamisha filamu. Alibonyeza kitufe kirefu cha kompyuta yangu na picha ikaganda: kijana wa Kizungu mwenye nywele za timtim, macho yametazama mahali pasipo na kitu. Ilikuwa Desemba 2018, nyumbani kwetu, kijiji kimoja nje kidogo ya Dongobesh wilayani Mbulu. Mvua ilikuwa imenyesha tangu adhuhuri na mama alikuwa jikoni. Mdogo wangu akanigeukia, akauliza kwa mikono:

"Huyu ni kiziwi?"

Nikamjibu ndiyo. Kiziwi, kipofu, na hasemi.

"Kweli, au anaigiza?"

Anaigiza. Anaitwa Roger Daltrey. Kazi yake ni kuimba.

Alinitazama kwanza aone kama namtania. Kisha akairudia ile alama ya kuimba, taratibu, akacheka kile kicheko chake kisicho na breki ambacho kuku wa mama wamekizoea, akairuhusu filamu iendelee.

Filamu hiyo ni Tommy, ya mwaka 1975, iliyoongozwa na Ken Russell. Niliipata chuoni Dodoma, kwenye diski ya rafiki mmoja wa bwenini aliyekuwa anakusanya muvi za zamani kama wengine wanavyokusanya vitenge. Kwenye diski hiyo kulikuwa na folda nzima ya opera za roki, nami nilizitazama zote kwenye wiki moja ya mitihani, jambo ambalo matokeo yangu yalilishuhudia. Mwishoni mwa miaka ya 1960 bendi kadhaa za Uingereza zilikuwa zimechoka kutoa santuri yenye nyimbo kumi na mbili zisizojuana. Zikaanza kutengeneza albamu ambayo ni hadithi moja, kutoka wimbo wa kwanza mpaka wa mwisho. The Who walitoa Tommy mwaka 1969, santuri mbili ndani ya jalada moja. Wenye sinema wakaona hapo pana kitu. Jesus Christ Superstar ilikuwa albamu mwaka 1970, ikawa filamu mwaka 1973. Quadrophenia ya The Who hao hao ikaingia sinema mwaka 1979, ingawa humo watu wanazungumza kama kawaida. Pink Floyd wakatoa The Wall mwaka 1979, na Alan Parker akaipiga picha mwaka 1982.

Usidhani ni jambo geni sana. Aliyekulia Tanzania miaka ya 2000 ameziona video za kwaya: kaseti nzima imegeuzwa maigizo, mlevi anaanguka mtaroni kwenye ubeti wa pili na anaokoka kwenye kiitikio cha mwisho, na hakuna anayefungua mdomo isipokuwa kuimba. Tofauti kubwa ni kwamba kwaya huvaa sare na The Who walikuwa na bajeti.

Kilichokuwa kigeni kwetu ni kitu kingine. Kibanda umiza cha Dongobesh kilikuwa kinaonyesha muvi zilizotafsiriwa, sauti ya Lufufu ikipanda juu ya sauti za Wachina na Wahindi, akiwapa majina ya mtaani na matusi madogo madogo. Opera ya roki huwezi kuitafsiri hivyo. Mtafsiri anahitaji upenyo kati ya sentensi, na humu hakuna upenyo. Hata salamu inaimbwa. Mdogo wangu, lakini, hakuwahi kumhitaji Lufufu. Alikuwa anakaa chini kabisa, mgongo ameuegemeza kwenye spika, anaangalia mateke na kupokea ngoma kwa uti wa mgongo. Mwenye kibanda alimtoza nusu ya kiingilio. Nadhani aliona si haki kumtoza sauti.

Kwa hiyo niliporudi likizo na Tommy kwenye kompyuta, nilijiona nimebeba zawadi. Filamu kuhusu mtoto kiziwi! Nilikuwa nimeazima sabufa kwa jirani ili aweke miguu juu yake. Haikunijia kabisa kichwani kwamba nilikuwa nampelekea kiziwi filamu isiyo na kitu ila nyimbo. Kiingereza cha maandishi ya chini hakukijua. Dakika ya tatu tu nikagundua kwamba kazi ya Lufufu sasa ni yangu, na kwamba ningeifanya kwa mikono.

Mikono hiyo ilikuwa na umri wa miaka mitatu.

Mdogo wangu aliugua homa ya uti wa mgongo mwaka 2003, akiwa na miaka minne. Alipona homa, masikio hayakurudi. Kabla ya hapo alikuwa mtoto msemaji. Mama anasema alikuwa anawapigia ng'ombe kelele kwa Kiiraqw akiwatukana kama mzee. Baada ya hapo ikawa kimya, na sisi tukaanza kuokoteza ishara. Kukamua chuchu za hewani: mama. Kushika kifundo cha mkono penye saa: baba. Kufungua viganja kama kitabu: mimi. Ishara zetu zilitosha kusema njoo, kula, ng'ombe wametoka, usiguse. Kulikuwa hakuna ishara ya jana. Hakukuwa na ishara ya kwa nini.

Kwenye filamu, mtoto Tommy anamwona baba yake, aliyedhaniwa amekufa vitani, akirudi usiku na kuuawa na mwanamume mpya wa mama yake. Hao wawili wanamshika mtoto na kumwimbia kwamba hakuna alichokiona wala kukisikia, na kwamba hatakisema maisha yake yote. Mtoto anatii. Anazima. Kisha wanaanza kuhangaika kumwasha: wanampeleka kwa mwanamke wa dawa za kulevya, ambaye ni Tina Turner akitetemeka kama jenereta bovu, wanampeleka kwa daktari bingwa, ambaye ni Jack Nicholson, na wanampeleka kanisani. Kanisa lenyewe linaabudu sanamu kubwa ya Marilyn Monroe, ile yenye gauni linalopeperuka. Eric Clapton anatembea anapiga gitaa kama padri. Vipofu na viwete wanapanga foleni waiguse sanamu, wanapewa vidonge na pombe badala ya mkate na divai.

Mama aliingia hapo, mikono ina unga. Alisimama nyuma yetu akatazama foleni ile ya wagonjwa kwa muda mrefu, kisha akauliza kwa Kiiraqw:

"Hapo ni Singida?"

Nilicheka kwa sekunde moja kabla sijaelewa kwamba hakuwa anatania. Mwaka 2005 wazazi waliuza mtamba mmoja wakampeleka mdogo wangu kwenye mkutano wa maombi Singida. Siku tatu kwenye uwanja wa vumbi. Walimtia mafuta masikioni, wakapiga makofi nyuma ya kichwa chake, na alipogeuka kwa sababu upepo wa makofi ulimgusa shingo, uwanja mzima ulilipuka kwa shangwe na mhubiri akatangaza muujiza. Mama alilia kwa furaha. Walisubiri wiki mbili nyumbani muujiza ukomae. Baada ya Singida kulikuwa na Babati, kisha mganga mmoja njia ya Basotu, kisha bibi mzaa mama, aliyekuwa na hakika kwamba mtoto alikanyaga chemchemi ya netlangw, mizimu ya majini, na kwamba alitakiwa kondoo mweusi. Kondoo alipatikana.

"Yule kijana anapona?" mama akaniuliza.

Nikasema anapona, mwishoni.

"Kwa nani?"

"Mama yake anamsukuma kwenye kioo. Kioo kinavunjika, anapona."

Mama aliifikiria tiba hiyo. "Hiyo hatukuijaribu," akasema, akarudi jikoni.

Mdogo wangu akanigonga bega. Mama kasema nini? Nikamtafsiria. Safari hii hakucheka.

Baadaye, nikiwa nimerudi chuoni, nilisoma habari za aliyeitunga Tommy, na ziliniudhi kwa namna ambayo filamu yenyewe haikuniudhi. Pete Townshend, mpiga gitaa wa The Who, alikuwa mfuasi wa Meher Baba, mwalimu wa kiroho wa India. Meher Baba aliacha kusema mwaka 1925 na hakusema tena mpaka alipokufa Januari 1969, miezi michache kabla ya albamu kutoka. Kwanza alikuwa anaonyesha herufi kwenye ubao. Mwaka 1954 akauacha hata ubao, akabaki na mikono, na wanafunzi wake wakawa wanaisoma na kuitamka kwa wageni. Hebu fikiria. Mtu mzima, mwenye wafuasi duniani kote, akifundisha mambo ya Mungu kwa vidole. Nilipomsimulia mdogo wangu alitaka picha, nikamtafutia kwenye simu. Aliikuza akaichunguza mikono.

"Na huyu mtunzi alijua?"

Alijua.

"Alijua mikono inazungumza, akatunga mtoto ambaye hakuna hata mmoja anayemwekea mikono?"

Sikuwa na jibu. Nilirudia filamu nzima baada ya hapo nikitafuta. Kuna mama anayempenda mtoto wake mpaka anagaagaa kwenye maharage yanayomwagika kutoka kwenye televisheni. Hiyo ipo, na Ann-Margret aliteuliwa kuwania Oscar kwa kazi yake humo. Kuna umati unaomshangilia akicheza pinboli kwa kuhisi mtetemo. Lakini sikumwona mtu anayekaa mbele yake, akaushika mkono wake, akaanza na neno moja.

The Who wenyewe, kwa njia, walikuwa na deni na masikio. Mwaka 1976, kwenye uwanja wa Charlton jijini London, walipimwa desibeli 126 umbali wa mita 32 kutoka kwenye spika, wakaingia kwenye kitabu cha rekodi cha Guinness kama bendi yenye kelele kuliko zote. Townshend aliharibikiwa usikivu na amekuwa akilisema hilo hadharani miaka mingi. Nililisoma hilo kwa ubaya kidogo moyoni, nakiri.

Narudi kwenye ile jioni ya mvua.

Baada ya kanisa kuna sehemu mbili mbaya. Wazazi wanatoka matembezini na kumwacha Tommy na binamu yake, ambaye anamtesa kwa sababu anaweza. Kisha wanamwacha na mjomba. Ken Russell amezitengeneza kama vichekesho vya jinamizi, na nilipozitazama chuoni nilizipitisha haraka. Nikataka kuzipitisha tena. Mdogo wangu akauzuia mkono wangu, akatazama mpaka mwisho, kisha akasimamisha.

Inabidi nieleze kuhusu jina lake. Watu wa lugha ya alama hupeana majina ya mkono, na lake alipewa shuleni: kidole cha shahada kinapita juu ya nyusi ya kushoto. Ana kovu hapo. Alienda shule ya viziwi mwaka 2009, mbali, mkoani Kilimanjaro, akiwa na miaka kumi, na safari ilikuwa ya mabasi mawili na kulala njiani kwa watu tuliowalipa. Likizo ya Desemba 2011 alirudi na kovu hilo, bado jekundu. Usiku wa kwanza alikaa karibu na moto akatusimulia. Alisimulia kwa muda mrefu, labda robo saa, kwa lugha ambayo sasa alikuwa nayo na sisi hatukuwa nayo. Mikono ilienda mbio, ikarudi nyuma, ikarudia alama moja mara nne, mara tano. Alipomaliza alitutazama mmoja mmoja. Baba akasema, "Anasema alianguka." Mama akaitikia. Mimi nilikuwa na miaka kumi na sita, nimechoka, nina usingizi. Nilijua kwamba kuanguka hakusimuliwi robo saa. Nikamkubalia kwa kichwa.

Lugha ya alama nilikuja kujifunza mwaka 2015, Dodoma, kwa mwanafunzi mwenzangu kiziwi aliyekuwa chumba cha tatu kutoka changu, na ningependa kusema nilifanya hivyo kwa ajili ya mdogo wangu. Ukweli ni kwamba yule dada alikuwa mcheshi sana na nilitaka kuelewa utani wake. Likizo ya kwanza niliporudi na alama kama mia mbili hivi, mdogo wangu alinifuata kila mahali kwa siku nne, mpaka chooni. Lakini ile hadithi hakuirudia, na mimi sikuiuliza. Miaka mitatu nilimwita kwa kidole juu ya nyusi, nikikitaja kile kisa kila siku bila kukijua.

Sasa, mbele ya picha iliyoganda, alinisimulia. Ilikuwa ni ile ile. Niliitambua ile alama iliyokuwa inarudi. Maneno nilikuwa nayo.

Yaliyomo ni yake na sitayaweka hapa. Nitasema tu kwamba hakuanguka, na kwamba haikuwa shuleni.

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia miaka yote hiyo. Akanishangaa.

"Nilikuambia," akasema. "Ulikubali kwa kichwa."

Usiku huo huo alitaka mama ajue. Baba alikuwa ameshafariki. Nilikaa katikati yao, naitazama mikono yake na kuigeuza Kiiraqw, na kuna maneno ambayo sikuwahi kuyatamka mbele ya mama kabla ya hapo. Mama hakunikatiza. Mwishoni alinyoosha mkono akaigusa ile nyusi, kisha akafanya kitu ambacho sikumfundisha na sijui alikuwa amekitazama tangu lini: akapitisha kidole juu ya nyusi yake mwenyewe. Akamwita jina.

Filamu tuliimalizia kesho yake. Ilibidi, alikuwa ameshalipia, alisema. Mama anamsukuma Tommy, kioo kinavunjika, kijana anadondoka majini, anaibuka anakimbia ufukweni anaimba kwa sauti kubwa. Nilikuwa natafsiri mbio mbio: yuko huru, anasikia, anaona. Mdogo wangu akapunga mkono kunisimamisha.

"Kioo kimevunjika, sawa. Maneno ameyatoa wapi?"

Nikasema labda ni ya zamani. Alipozima alikuwa mtoto wa miaka kama sita, alikuwa anajua kuongea.

"Mimi nilikuwa na minne," akasema. "Kiiraqw changu kiko wapi?"

Alinieleza kwamba shuleni ilimchukua miaka miwili kuweza kusimulia jambo lililotokea jana. Miaka miwili, kila siku, mwalimu na watoto wengine, mikono kwa mikono. Huyu amepata kila kitu kwa kuangukia maji. Halafu anakuwa nabii, anafungua kambi, na anawalazimisha wafuasi wake wazibe masikio na macho wawe kama alivyokuwa! Hiyo ilimkera kuliko yote. Wafuasi walipoasi na kuichoma kambi, alipiga makofi.

The Wall aliipenda, lazima nimtendee haki mwandishi wa roki. Ile haina maelezo mengi ya kutafsiri: kuna vibonzo vya Gerald Scarfe, maua yanayomezana, nyundo zinazotembea gwaride kama askari, watoto wa shule wenye vinyago wakiingia kwenye mashine ya kusaga nyama. Aliweka miguu yote miwili juu ya sabufa na hakuisimamisha hata mara moja.

Mwaka 2020 alihamia Katesh, wilayani Hanang, kwenye karakana ya useremala. Anatengeneza vitanda na makabati. Alipanga chumba upande wa chini wa mlima, na Mlima Hanang, mita 3,400 na zaidi, ulikuwa unajaza dirisha lake lote.

Tarehe 3 Desemba 2023, Jumapili, alfajiri, mlima ulishuka. Tope, mawe, na magogo viliingia Katesh na vijiji vya jirani, Gendabi ukiwemo. Zaidi ya watu 80 walikufa. Mimi nilikuwa Babati, nafundisha. Habari zilipofika, wote walionusurika walikuwa wanasimulia kitu kimoja: mlio. Waliamshwa na mlio. Nilikaa kitandani na simu mkononi, nikifikiria neno hilo tu. Saa mbili na robo ukaingia ujumbe wake: "Niko hai. Kitanda kilitetemeka nikatoka. Nyumba hakuna."

Nilimkuta kambini siku ya pili, amevaa suruali ya mtu mnene. Majina ya wanaopewa magodoro yalikuwa yanaitwa kwa kipaza sauti. Lake lilikuwa limeshaitwa mara mbili, wakadhani hayupo. Nilienda mbele nikamsimamia, na yule kijana wa orodha, hana kosa, alikuwa hajalala siku mbili, akaniuliza, "Sasa huyu bubu alitokaje?"

Nikamtafsiria mdogo wangu swali hilo, neno kwa neno. Akamjibu, nami nikasema kwa sauti: miguu yake ilikuwa ukutani.

Jioni tulikaa kwenye ngazi za darasa. Mlima ulikuwa na mchirizi mpya wa kahawia kutoka juu mpaka kwenye nyumba. Akaniuliza kama nakumbuka mwisho wa ile filamu, yule nabii anapoupanda mlima na kulipokea jua. Nakumbuka, nikasema. Akauangalia wetu.

"Kwao wanaupanda," akasema.

Kisha akaniuliza kama bado ninayo ile nyingine, ile ya nyundo. Kompyuta ya karakana ilikuwa imekwenda na tope, na flashi yake pia. Nikamwambia ninayo, iko Babati. Akasema nisisahau kuleta, na nikiweza nilete na sabufa.